Insha Mbili, Pini Moja

Mwaka 2009, nikiwa kidato cha tano katika mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nilirudishiwa insha ya Kiswahili ambayo aya yake ya kwanza ilikuwa imekatwa yote kwa mstari mmoja mwekundu, kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika maneno mawili, "Anza sasa", na mshale ulioelekea aya ya pili. Nilikuwa nimepata alama 8 kati ya 20. Swali lilitutaka tulinganishe utenzi, yaani utungo mrefu wa mishororo mifupi, na tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, tukionesha namna umbo la kila utungo linavyofaa kazi yake.

Aya ile ndiyo niliyokuwa nikijivunia kuliko zote. Nilianza na fasili ya fasihi kwa mujibu wa kamusi, nikateremka hadi fasili ya ushairi, nikawapanga wataalamu mmoja baada ya mwingine, kisha nikafunga kwa kutangaza kwamba insha yangu ingekuwa na sehemu kuu tatu, yaani utangulizi, kiini na hitimisho. Sikuyabuni mambo hayo. Yalitoka kwenye madesa tuliyorithi kwa kaka zetu wa kidato cha sita, kopi za kopi zilizofifia kiasi kwamba baadhi ya majina ya wataalamu tuliyasoma kwa kubahatisha, na nina hakika wapo tuliowabatiza upya.

Mwalimu wetu, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Madam, hakusema lolote kuhusu alama. Alichomoa karatasi tatu kutoka kwenye rundo, moja yangu na mbili za mitihani ya zamani iliyouliza mambo mengine kabisa, akatusomea utangulizi wa kila moja bila kumtaja mwandishi. Kila alipofikia jina la mada aliliruka na kusema "kitu hiki". Wataalamu mbalimbali wamejaribu kukifasili kitu hiki. Kitu hiki kina umuhimu mkubwa katika jamii. Zipo fasili nyingi za kitu hiki, lakini zote zinakubaliana kwamba. Kisha akatuuliza, "Haya wanangu, nani ataniambia swali la kila mmoja lilikuwa lipi?" Hakuna aliyeweza. Darasa lilicheka, nami nikacheka pamoja nao, hadi nilipotambua kwamba karatasi ya tatu ndiyo yangu.

Tulidhani sasa atatupa kanuni za kunakili, lakini badala yake alitukumbusha utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Katika beti tatu za mwanzo, alisema, mama anamwita binti yake ampe wasia, anaeleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima asipate kuzungumza naye vizuri, kisha anamtaka asogee na wino na karatasi kwa kuwa ana jambo moyoni. Beti tatu za utenzi ni mishororo 12 mifupi. Ndani yake tayari tunamjua anayesema, anayeambiwa, sababu ya kusema sasa na aina ya jambo litakalosemwa. "Mama mgonjwa hana nafasi ya kufasili neno wasia," alisema Madam, akaifuta chaki mikononi kwa pindo la kanga yake.

Baada ya hapo akanirudia mimi. Insha yangu ilikuwa kurasa mbili: ya kwanza yote ilihusu utenzi, ya pili yote tarbia. Aliichomoa pini, akampa karatasi ya kwanza mwanafunzi wa kulia na ya pili wa kushoto, akawaambia wasome kimya kisha waseme kama wameona pengo. Wote wawili walisema hawakuona. "Basi hizi ni insha mbili zilizofungwa kwa pini moja," akasema, akanirudishia.

Aliyepata alama ya juu alikuwa mwenzangu wa dawati la mbele, ambaye hakutenga tungo bali alitenga hoja: mizani, yaani hesabu ya silabi, ya huku na ya kule katika aya moja, vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, katika aya nyingine, kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, katika ya tatu. Niliiazima karatasi yake usiku ule wakati wa prepu na kuisoma kwa wivu. Haikuwa nzuri kiasi nilichotarajia, kwa kuwa msomaji alirushwa huku na huku kama mpira, na neno "ilhali" nililihesabu mara 14. Lakini ukiondoa ukurasa wake mmoja, uliobaki ulining'inia.

Hata hivyo kilichonikwamua si mpangilio wake, bali swali lililonijia nilipokuwa nikiusoma: zile tofauti zote zinatokana na nini? Utenzi una mishororo minne ya mizani 8 kwa kawaida, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne unabeba kina cha bahari ambacho hakibadiliki hadi mwisho wa utungo. Tarbia kwa kawaida ina mizani 16 kwa mshororo, uliogawanyika nusu mbili, ukwapi na utao, na mara nyingi kibwagizo kinachorudi kila ubeti. Nikaona kwamba kina cha bahari humsukuma msikilizaji kwenda ubeti unaofuata, jambo linalofaa kisa kirefu, na kibwagizo humrudisha palepale, jambo linalomfaa anayebishana na mwenzake. Nikaandika sentensi hiyo juu kabisa ya karatasi mpya, bila kamusi wala mtaalamu. Mpangilio ukajiweka wenyewe: kila aya ikawa inauliza kipengele fulani kinasukuma au kinarudisha, na tungo zote mbili zikalazimika kukaa humo pamoja. Ila mfano wa kibwagizo niliupa aya yake peke yake, maana ulikuwa mrefu na kuukatakata kungeuharibu.

Jumatatu niliipeleka ofisini kwa Madam. Aliisoma nikiwa nimesimama mbele ya meza yake, kalamu nyekundu ikining'inia hewani, akapita aya ya kwanza bila kuigusa. Alipofika aya ya mwisho, iliyoanza kwa "Kwa kuhitimisha, inaonekana dhahiri kwamba", kalamu ilishuka, ikachora mstari kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini.

"Kumi na nne," akasema. "Na huku nako uliambiwa na kaka zako?"