Dinari ya Severus

Mwaka 2014, kwenye maonyesho ya sarafu mjini York, Uingereza, watu walijazana kwenye meza ya sarafu za dhahabu za Nero, mtawala wa Roma ya kale. Mzee mmoja wa Unguja, ndiye aliyeniingiza katika mambo haya, akanishika mkono na kunivuta pembeni.

"Njoo huku mwanangu. Huku kuna Severus."

Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, mwaka 145. Alitwaa utawala wa Roma mwaka 193, na Februari 211 akafia hapo hapo York, mji ambao Warumi waliuita Eboracum, baada ya kwenda kupigana na makabila ya Scotland. Dinari zake, yaani sarafu za fedha za Kirumi, kwa kawaida si adimu. Aliwaongezea askari mishahara, na ili zipatikane za kuwalipa akapunguza madini ya fedha ndani yake mpaka yakabaki karibu nusu. Zikagongwa kwa wingi. Ndiyo maana nilikuwa nazipitia haraka haraka kwenye trei, nikigeuza moja naacha, nageuza nyingine naacha.

Kisha nikamwona mwanamke amesimama, kichwani amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga umechomoza mbele, simba yuko miguuni pake. Maandishi: AFRICA.

Afrika ya Warumi ilikuwa ile ya kaskazini, Tunisia na sehemu ya Libya. Nilijua hivyo tangu zamani. Hata hivyo moyo ulinienda mbio. Mtawala wa dola lote aliweka nchi ya kwao kwenye pesa, ikapita mikononi mwa askari na wauza mikate, na sasa iko kiganjani mwangu, katika mji aliokufa.

"Usimwoneshe muuzaji furaha," Mzee alininong'oneza, kisha akatoa kioo chake cha kukuzia. Alianza na ukingo, maana sarafu ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huacha mshono pale. Haukuwapo. Akaomba mizani: gramu tatu na ushei, ndivyo inavyotakiwa. Uso wa Severus ulikuwa umelika puani, na ndevu zake ndefu zilionekana nusu tu. Kwangu haikuwa kasoro. Sarafu isiyolika haikutumika, na mimi napenda zilizonunua kitu.

Muuzaji alitaka pauni 220. Mzee akataja 150, akanyamaza, akaanza kufunga kioo mfukoni. Tukakutana kwenye 180, karibu akiba yangu yote ya miezi ile, na nililipa bila kusita.

Nikiwa bado naifunga kwenye karatasi, Mzee alikwisha inamia trei ya pili.

"Sasa tumtafute mwanawe, Geta," alisema. "Kaka yake Caracalla alimuua mwaka ule ule wa 211, akaamuru jina lake lifutwe kwenye mawe. Lakini sarafu zilikuwa zimeshasambaa."

Nikavuta kiti.