Ijumaa yangu, Jumapili yao

Siku niliyoripoti kazini, mwalimu mkuu alinitembeza shule nzima: mabweni, jiko, maabara, na mwisho kanisa la matofali. Pale mlangoni akaitazama tena barua yangu, akalisoma jina langu la Kiislamu, akacheka kidogo. "Mwalimu, Jumapili sisi huku wote tunasali." Nikamjibu, "Hakuna shida, mzee. Jumapili nipangie zamu mimi."

Nilisema vile kwa kubabaika tu. Kumbe ndilo jibu lililoniweka hapa mwaka wa saba sasa.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, hapa Uganda, wa kizazi cha askari waliotoka Sudani. Kwa bibi tulisema Kinubi, kwa baba, aliyekuwa askari, Kiswahili, na mtaani Luganda. Shule yetu ni ya bweni, ya wavulana watupu, ipo wilaya ya Mpigi, si mbali na Kayabwe ambapo mstari wa Ikweta unakata barabara ya Masaka. Ilianzishwa na mapadri. Wanafunzi Waislamu mwaka ule walikuwa tisa.

Jumapili misa ikianza, mimi nazunguka mabwenini kuwatoa waliojificha chini ya vitanda wakitafuta usingizi. Napita chumba cha wagonjwa, naangalia jikoni kama posho, yaani ugali, imeanza kusongwa, namaliza langoni. Wenzangu wanasali bila wasiwasi. Shida ilikuwa Ijumaa. Ratiba ilinipa vipindi viwili mfululizo kuanzia saa saba mchana, na muhula mzima niliswali adhuhuri peke yangu kwenye stoo ya michezo, katikati ya mipira iliyopasuka na majembe. Nilikuwa na hasira, sitadanganya. Lakini muhula ulipofungwa sikwenda kwa mkuu wa masomo na malalamiko. Nilikwenda na daftari ya zamu. Jumapili 11 katika wiki 12, zote jina langu. Alihesabu kwa kidole, akachukua kalamu, akahamisha vipindi vyangu hadi Alhamisi. Tangu hapo, kila Ijumaa natoka na vijana wangu tisa kwa miguu hadi msikitini, na saa nane na nusu tumerudi. Wakichelewa kurudi, wiki inayofuata hawatoki. Sharti hilo niliweka mimi mwenyewe.

Kufundisha Kiswahili ndiko kulikonitoa jasho zaidi. Mtaala mpya wa mwaka 2020 ulipokilazimisha kidato cha kwanza na cha pili, vijana walinuna. Kwa Waganda wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi na wezi, na mimi mtoto wa askari niliona kabisa wanachofikiri. Kisha shule zikafungwa kwa korona mwezi Machi mwaka huohuo, zikaja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Tuliporudi, wengi walikuwa wamesahau hata maamkizi. Mimi kwa miaka ile nilikuwa nafuga kuku wa mayai Bombo, na ninao mpaka leo, maana mwalimu wa sayansi mwenye digrii alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi mwaka 2022, na sisi wa lugha tukabaki tunawapongeza.

Basi siku moja nikaandika ubaoni maneno ya Luganda: essaawa, ekitabo, emmeeza, ssabbuuni, eddiini. Nikawaambia wanitajie yapi si ya kwao. Kelele! Kila mmoja anaapa ni Luganda cha babu yake. Mwisho nikaandika okusoma. Huku Buganda mtu akienda kanisani Jumapili husemwa amekwenda kusoma, na Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, kwa kuwa dini ilikuja na kitabu. Nikawauliza, mashahidi wa Namugongo, wale Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani, mnaowaomba kila mwaka, waliitwa nani? Wakajibu kwa pamoja: abasomi. Na neno hilo lilipandaje kutoka pwani hadi ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda? Sikumaliza somo siku ile, kengele ilitukuta tukibishana.

Halafu kuna jambo la nyama. Uganda mchinjaji huwa Mwislamu ili wote wale sahani moja, lakini mwaka mmoja, sikukuu ya shule, fahali alichinjwa haraka na mtu mwingine jikoni, na vijana wangu wakala kabichi huku wenzao wakinyonya mifupa. Mwaka uliofuata nilimfuata mwalimu mkuu mapema: "Mzee, kisu nipe mimi." Akanipa. Sasa vijana wananiita Mwalimu Kisu wakidhani sisikii.

Nilitumia mkasa huo darasani tulipojiandaa kwa safari ya Namugongo ya tarehe 3 Juni. Niliwaambia kwamba miaka kama 10 kabla ya Karoli Lwanga na wenzake kuchomwa mwaka 1886, Kabaka Muteesa wa Kwanza aliwaua Waislamu wapatao 70, na kosa lao mojawapo lilikuwa kukataa nyama iliyochinjwa ikulu. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa Luganda: "Ssebo, walikufa kwa sababu ya nyama?" Nikamwambia arudie kwa Kiswahili. Alijikwaa mara tatu, akafika. Ndipo tukaanza kumjibu, na wa kwanza kumjibu alikuwa mtumishi wa misa.

Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilikwenda pamoja karibu mwezi mzima. Huku Ikweta jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo futari tulimaliza kabla ya prepu, masomo ya kujisomea usiku. Daku ndiyo ilikuwa kazi: saa kumi alfajiri nawaamsha vijana kunywa uji. Wiki ya pili nikahesabu vikombe, vikawa kumi. Wa kumi ni Mkatoliki wa kidato cha pili. Nilipomuuliza alisema naye anafunga, Kwaresima yake. Saa nne asubuhi nilimkuta kwenye kantini na mandazi mkononi. Uji wa daku nimeendelea kumpa.