Njia ndefu ya neno "nice"

Leo nimeshinda na neno moja la Kiingereza: nice. Mpwa wangu aliniuliza maana yake hasa, nikamtajia nzuri, pole, tamu, ya kupendeza. Chakula huwa nice, jirani huwa nice, hata hali ya hewa. Kisha nikafungua kamusi ya asili za maneno, na kazi nyingine zote zikalala.

Mzizi ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua: ne hukanusha, scire ni kujua. Kwa Wafaransa wa kale likawa neno la kumwitia mpumbavu, na Waingereza walipolipokea yapata mwaka 1300 lilikuwa bado tusi. Chaucer, mshairi Mwingereza aliyeandika mwishoni mwa karne ya 14, alilitumia hivyohivyo. Wahispania wana ndugu yake, necio, na hadi leo ukimwita mtu hivyo umemtukana.

Tusi hilo lilisafishika polepole. Kutoka upumbavu likahamia kwenye haya, kisha kwa mtu anayechaguachagua, kisha kwenye umakini. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, alitanguliza maana ya kupambanua mambo kwa usahihi hadi chembe ya mwisho. Hiyo ndiyo maana ninayoipenda. Bado iko hai: mwanasheria wa Kiingereza akisema "a nice distinction", hasifii uzuri wa chochote, anazungumzia tofauti nyembamba inayohitaji jicho kali. Mfasiri akiandika "tofauti nzuri" hapo, hoja nzima imeharibika.

Maana ya "nzuri" ilishika kasi karne ya 18, ikachosha upesi. Katika Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwishoni mwa 1817, Henry Tilney anamtania Catherine kwamba siku ni nice, matembezi ni nice, nao wasichana pia. Neno linafaa kwa kila kitu. Walimu wa insha bado hulikata kwa kalamu nyekundu. Nawaelewa, ila naona wangewafundisha wanafunzi ile maana kali kabla ya kulikata.

Na scire hiyohiyo ilizaa scientia, ambayo kupitia Kiingereza imetufikia sisi kama sayansi. Kumbe nice na sayansi ni wa ukoo mmoja!

Sasa nimegeukia neno silly, ambalo leo humaanisha mpumbavu. Zamani lilimaanisha mwenye heri, na Wajerumani bado wanalo, selig, kwa maana ileile ya heri.