Wavuvi wamefika salama, alhamdulillahi

Wale wavuvi wa kisiwa cha Tumbatu waliokwama baharini wako nchi kavu! Injini ya mashua yao ilizima nje ya mwamba hapa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, nanga ikakatika, na upepo wa kusi unavyovuma sasa mkondo ulikuwa unawapeleka kaskazini, bahari kuu. Vijana wetu hawakungoja. Walishusha viboti viwili vya mashine wakawahi mlango wa mwamba, ule upenyo wa kupitia vyombo, kabla maji hayajatoka, maana yakishakupwa hapapitiki. Usukani alishika mzee mmoja anayeujua mlango ule hata gizani. Bila yeye, sijui. Wakawafunga kamba, wakawavuta taratibu. Mama zetu wakawapokea pwani kwa kanga kavu na uji wa moto. Jamani mnaotoka leo usiku, chukueni majaketi okozi na nanga ya akiba.