Wewe Umeuona?

Assalaamu alaykum ndugu zangu katika imani. Tafakari ya wiki hii imezaliwa na aibu yangu mwenyewe, basi nianzie hapo hapo.

Ilikuwa jioni ya tarehe 29 Shaabani. Hatujamaliza hata sunna ya Magharibi, simu zikaanza kulia. Picha ya mwezi mwembamba kama ukucha, na chini yake maneno: "Umeonekana, kesho saumu." Nikairusha kwenye grupu la ukoo. Mjomba wangu, mtu wa maneno machache, akajibu mawili tu: "Wewe umeuona?" Kumbe picha ile ilishazunguka tangu miaka ya nyuma, na usiku ule mwezi haukuandama popote. Nikaifuta, lakini shangazi alishasomewa ujumbe wangu akalala mapema. Akaamka peke yake kula daku.

Swali la mjomba lina wenyewe. Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwamba Ummul-Fadhl, mama yake Ibn Abbas, alimtuma Kuraib kwa Muawiya, mtawala wa Sham (upande wa Syria ya leo), na Ramadhani ikamwandamia huko. Mwisho wa mwezi akarejea Madina, Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akamuuliza: mwezi mliuona lini? Akasema usiku wa kuamkia Ijumaa. Ibn Abbas akamuuliza tena: "Wewe umeuona?" Akajibu: ndiyo, na watu wameuona, wakafunga, na Muawiya akafunga. Ibn Abbas akasema: sisi tumeuona usiku wa kuamkia Jumamosi, tutaendelea kufunga mpaka tutimize thelathini au tuuone. Kuraib akashangaa: hakututoshi kuona kwake Muawiya na kufunga kwake? Akajibiwa hapana, hivi ndivyo alivyotuamrisha Mtume, rehema na amani zimshukie.

Tazameni. Habari ilisafiri kwa ngamia, ikafika mwezi ukiwa ukingoni, na bado yule aliyeileta aliulizwa kama ameona kwa macho yake. Hakuitwa mwongo, wala mji haukugawanyika. Leo saa zetu na saa za Makka ni moja, na tangazo la Saudia linatufikia kabla hatujaswali Isha. Linapokelewa na mtu asiyeona, akimpelekea asiyeona, mpaka mnyororo unafika kwangu mimi niliyekuwa ndani nimevua kofia.

Tusidanganyane kwamba hitilafu hii imeletwa na simu. Mashekhe wetu wa Kishafi wanasema kila upande una matlai yake, yaani mwandamo wake wa mwezi. Wengi katika madhehebu mengine wanaona mwezi ukionekana mahali pamoja umewalazimu Waislamu wote. Hizo ni hoja za watu waliosoma, na kila mmoja ana dalili yake. Ninachokiona kimebadilika ni anayesikilizwa. Zamani palikuwa na shekhe wa mtaa, akikosea unamkuta msikitini Alfajiri unamuuliza. Sasa kijana wa Tanga ana shekhe wa Riyadh, wa Cairo na wa Birmingham mfukoni, na yule wa jirani hata hamjui jina. Anafungua Idi na watu asiowajua, mama yake mzazi akiwa bado amefunga.

Na siasa imo, tusiikwepe. Hapa Tanzania BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, ilianzishwa mwaka 1968, mwaka ule ule EAMWS, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, ilipopigwa marufuku, na wapo wazee ambao kidonda kile hakijapona mpaka leo. Idi ni sikukuu ya serikali, ina Baraza lake, na wakubwa hualikwa. Basi kwa baadhi yetu kuufuata mwezi wa Mufti, mkuu wa BAKWATA, ni kama kupiga kura, na kuufuata wa Saudia ni kupiga kura nyingine. Simu imewapa mlango wa kutokea wale waliokuwa na kinyongo tangu zamani. Mimi siwalaumu sana. Ninachohofia ni mlango wenyewe kuwa hauna bawabu.

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 83, Allah anawataja watu ambao likiwafikia jambo la amani au la hofu hulitangaza. Lau wangelirejesha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka miongoni mwao, wale wawezao kulichunguza wangelijua. Neno la Kiarabu lililotumika hapo ni *adhaa'uu*, na katika asili hiyo hiyo ndimo tulimotoa neno letu "idhaa". Nimeisoma aya hii miaka mingi bila kushtuka. Idhaa siku hizi ni kidole gumba changu.

Kuraib naye nimekuwa nikimfikiria. Alianza kufunga siku moja kabla ya watu wa Madina. Je, ikiwa kwao ilitimia thelathini, yeye alifunga ngapi? Hadithi haisemi. Mashekhe wa Kishafi wanasema mgeni anafuata wenyeji aliowakuta, hata saumu yake ikifika siku thelathini na moja.

Mwaka mmoja kaka yangu alirudi kutoka Jeddah Ramadhani ikiwa inaishia, na kule walitutangulia kwa siku moja. Kwetu mwezi ukatimia. Siku ile ya mwisho alikaa nasi barazani, midomo imekauka, simu ikilia kila dakika salamu za Idi za wenzake. Akaizima, akaifunika kwa kofia. Magharibi ilipoadhiniwa, shangazi alimsogezea yeye kwanza bakuli la uji.