Siku moja mezani kwa wakili wa Kigoma: "inaweza" au "pekee"?

Saa 2:00 asubuhi. Faili la kwanza: muuzaji wa saruji wa hapa Kigoma anamdai mnunuzi wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, bei ya tani 120. Kabla ya kugusa deni naenda kurasa za mwisho. Kifungu cha mamlaka ya mahakama, yaani kinachosema kesi isikilizwe wapi, huwekwa huko, wakati wenye mkataba wameshachoka kusoma.

Saa 3:30. Mkataba una safu mbili. Kiswahili kinasema migogoro "inaweza kupelekwa" mahakama za Kalemie. Kifaransa kinasema mahakama hizo "seront seuls compétents", yaani ndizo pekee zenye mamlaka. "Inaweza" inaacha mlango wa Kigoma wazi, "seuls" inaufunga, na hakuna panaposema lugha ipi itawale. Natafuta dalili: ipi iliandikwa kwanza, na barua pepe za kabla ya kusaini zilisemaje. Kisha nazungushia kila "inaweza" iliyomo. Mbili zimetumika kwenye mambo ya lazima kabisa, mojawapo malipo: "mnunuzi anaweza kulipa ndani ya siku 30". Hapo hoja yetu kwamba "inaweza" si lazima inapungua nguvu, na ni lazima mteja aambiwe leo.

Saa 5:00. Mwenye saruji anafika.

"Wakili, kifungu cha 14 si kinataja sheria za Tanzania? Basi kesi ni hapa."

"Hapana, mzee. Sheria itakayotumika ni jambo moja, mahakama itakayosikiliza ni jingine. Jaji wa Kalemie anaweza kutumia sheria yetu, akithibitishiwa."

Kosa hili ndilo linalowagharimu wafanyabiashara wa ziwa hili kuliko lolote.

Saa 6:30. Tuseme "pekee" inashinda. Bado tunaweza kuiomba mahakama ya hapa isikilize, ila kwa sababu nzito. Kipimo kinachorejewa sana ni cha kesi ya Uingereza ya meli Eleftheria, 1969: ushahidi uko wapi, sheria ya nchi gani inatumika, na je, mdaiwa anaitaka kweli mahakama hiyo au anakwepa tu? Wenye mzigo, waliofungua kesi Uingereza, walishindwa, wakaelekezwa Ugiriki kama hati ya shehena (mkataba wa kusafirisha mzigo) ilivyosema. Usumbufu wa safari peke yake hautoshi.

Saa 8:00 mchana. Swali ninalolipa uzito kuliko yote: mali ya mdaiwa iko wapi? Ya huyu iko Kalemie. Utaratibu wetu wa kutambua hukumu za nje kwa makubaliano na nchi nyingine hauihusishi Kongo, kwa hiyo hukumu ya Kigoma itahitaji kibali cha mahakama ya kule kabla ya kukamata hata mfuko mmoja.

Saa 9:30. Faili jingine, safari hii tunamtetea mdaiwa. Siku 21 za kujibu madai zinakaribia kuisha, na mkataba una kifungu cha usuluhishi, yaani mgogoro uamuliwe na msuluhishi badala ya mahakama. Ombi la kusimamisha shauri liende kwanza. Ukishajibu madai yenyewe, nafasi hiyo umeitupa.

Saa 11:00 jioni. Mkataba mpya wa mzee. Naweka usuluhishi, makao Kigoma, msuluhishi mmoja. Tanzania imo katika Mkataba wa New York wa 1958, wa nchi kutambua uamuzi wa usuluhishi wa nje, tangu 1964, Kongo tangu 2014, hivyo tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, ina njia iliyonyooka zaidi ya kuvuka ziwa. Mstari wa mwisho naupiga chapa nzito: "Matoleo mawili yakitofautiana, la Kiswahili litatawala."