Uzi Niliousubiri

Asubuhi hii mjukuu wangu amenikuta nimekaa kitandani, mkono umezama ndani ya kiatu. "Bibi, unatafuta nini humo?" Nikamwambia kijiwe. "Umekiona?" Hapana. "Sasa mbona unakitafuta?" Nikabaki nimeshika kiatu. Jibu lake linaanzia mbali, kwenye kile chumba cha daktari, miaka 7 iliyopita, siku ya uzi.

Kisukari changu mnakijua. Wakati huo nilikuwa nacho mwaka wa 11, umri wangu 51, hedhi imekoma mwaka uliotangulia. Usiku nilikuwa naungua. Joto linaanzia kifuani linapanda usoni, shuka linaloa, natupa kila nilichojifunika. Na miguu nayo inawaka kama imewekwa juu ya makaa. Dada yangu alikwishapita huko. "Ni umri huo, mdogo wangu, utapita." Nikachukulia kwamba ni moto mmoja tu. Kliniki nilikuwa nafuata vidonge na kurudi nyumbani. Karibu miaka 2, miguu sikuitaja.

Siku hiyo nilimkuta daktari mgeni, kijana. Alisoma faili langu, akaniuliza ninalalaje. Nikamweleza joto na jasho. Akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, ukiloa hivyo usiku, na miguu nayo hutoka jasho?"

Nikatafuta kwenye kumbukumbu. Miguu ilikuwa mikavu kabisa. Visigino vilikuwa vimepasuka, napaka mafuta haviitikii. Juu naloa, chini nakauka, na sikuwahi kuyaweka mawili hayo pamoja.

"Vua viatu, mama."

Alitoa kijiti chenye uzi wa nailoni, mgumu kiasi. Kwanza akaugusisha kwenye mkono wangu mpaka ukapinda. Unausikia? Nausikia. Akasema uzi ule hupinda ukikandamizwa kwa uzito wa gramu 10, si zaidi. "Sasa funga macho. Kila utakapousikia mguuni, sema ndiyo."

Nikafunga. Nikasubiri kwa makini, kama mtu anayengoja kuitwa jina lake kwenye foleni. Nikasikia kiti chake kikilia. Nikasikia mtu akipita nje, kandambili zikipiga sakafu. Nikausikia uzi katikati ya wayo, nikasema ndiyo, nikafurahi kwamba nimefanya vizuri. Halafu kimya. Nikadhani anaandika. Kimya kikawa kirefu, nikaona nimsaidie: "Endelea tu, daktari, niko tayari."

Hakujibu mara moja. "Mama, nimemaliza. Fumbua macho."

Akarudia nikiwa natazama. Nikauona uzi ukishuka kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, ukabonyea, ukapinda kama upinde, ukainuka. Sikusikia kitu. Akaupeleka chini ya kidole cha tatu, kisha cha tano, kisha mguu wa pili. Macho yangu yaliona mguu wangu ukiguswa, na mguu haukuniletea habari yoyote. Nikanyoosha mkono kuushika, nihakikishe ni wangu. Yule kijana akangoja, hakuniharakisha. Namshukuru hadi leo kwa kungoja kule.

Mengine yalikwenda haraka. Akanigusisha chuma kinachotetemeka, akapima vitamini B12 kwa sababu metformini, dawa ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi huweza kuishusha, nayo ikionekana pungufu huleta ganzi vilevile. Yangu ilikuwa sawa. Wastani wa sukari ya miezi 3 haukuwa sawa. Akanieleza kwamba sukari ikikaa juu huumiza neva, yaani mishipa ya fahamu, na zile ndefu kuliko zote huumia kwanza, ndiyo maana vidole vya miguu hutangulia, na kwamba hata jasho huamriwa na neva.

Nikamuuliza, basi si homoni? Akasema nazo zimo. Estrojeni, homoni ya kike, ikishuka hedhi inapokoma, mwili huikaidi zaidi insulini na sukari hupanda. Na insulini yenyewe ni homoni ambayo neva huitegemea. Kisha akaniambia jambo ambalo bado linanigusa: seli za Schwann, zinazoivika neva ala yake, hujitengenezea zenyewe projesteroni, homoni nyingine ya kike. Katika panya wenye kisukari, homoni za jamii hiyo zimekutwa zimepungua ndani ya neva, na walipopewa tena, neva zikapata nafuu. Mimi hakuniandikia homoni kwa ajili ya miguu. Aliniandikia amitriptilini ya usiku, dawa ya kutuliza maumivu ya neva, akaniagiza nitazame nyayo kila jioni na nipeleke mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu.

Lile joto la kifuani lilipita, kama dada alivyosema. Niliwahi kumkasirikia, halafu nikaacha. Alinieleza ukweli wa mwili wake. Ninachokihesabu ni ile miaka 2 ya kunyamaza. Siku nyingine naiona hasara kubwa, siku nyingine najiambia huenda miguu ingefika hapa hapa.

Mtoto hakuridhika na kijiwe, nikamwambia ukweli: miguu ya Bibi husahau kusema. Akaniamuru nifunge macho. Nikangoja. "Hapa, Bibi?" Hapana. "Na hapa?" Hapana. Sauti yake ikapungua. Akaendelea kupandisha kidole chake taratibu, akiuliza kila hatua, hadi kilipofika juu kidogo ya kifundo, nikamwambia ndiyo. Akakiacha palepale.